Mawakili wa Bandari: Kesi za Mali na Madeni katika Unguja ya Kale

Mwaka 1893 meli iliyotoka Bombay ilitia nanga Unguja, na abiria wake mmoja, kijana wa miaka 23 aitwaye Mohandas Gandhi, ambaye alikuwa amesoma sheria London na sasa ameajiriwa na tajiri wa Kimemoni, Dada Abdulla, kwa ujira wa pauni 105 pamoja na nauli, ili akasaidie kesi kubwa ya madeni katika Afrika ya Kusini, akapata siku kadha wa kadha za kungojea safari. Katika siku hizo aliingia mahakamani kutazama namna kazi ya mji ule inavyokwenda, akamkuta wakili wa Kiparsi akimhoji shahidi juu ya yaliyoandikwa katika madaftari ya hesabu, upande wa kuingia na upande wa kutoka, na pamoja na elimu yote aliyoichukua Uingereza hakufahamu hata neno, kwani hesabu za daftari hakufunzwa skuli wala London, ilhali kesi aliyokuwa akiiendea takriban yote ilikuwa hesabu. Haya aliyasimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, bila ya kujificha, na akasema kuwa alipofika alikokwenda ilimlazimu anunue kitabu cha elimu hiyo ajifunze upya.

Habari za Gandhi zimeandikwa sana na hazina haja ya kuongezwa. Mtu anayestahiki kutazamwa hapa ni yule Mparsi aliyesimama mbele ya hakimu, na kazi aliyokuwa akiifanya. Watu wengi, wasikiapo jina la wakili, hufikiri ulimi: mtu wa kusema kwa ufasaha mpaka hakimu akalegea. Katika kesi za biashara za pwani yetu ulimi ulikuwa kitu cha mwisho kabisa. Wakili wa bandari alikula kwa mambo mawili, nayo ni kujua mlango wa hakimu yupi wa kubisha, na kujua kuisoma karatasi ambayo mwenziwe hawezi kuisoma. Na mambo yote mawili yalizaliwa na historia ya Unguja yenyewe, si na vitabu vya London.

Sayyid Said bin Sultan alipoyahamishia Unguja makao ya dola yake, na mikarafuu ikaenea Unguja na Pemba, na misafara ikapanda bara kutafuta pembe hata ikafika Unyanyembe, Ujiji na Manyema, biashara yote hiyo ilisimama juu ya deni. Mfanyabiashara kutoka Salem, Marekani, alishusha majora ya merikani na kumwachia tajiri wa Kihindi kwa muda. Tajiri wa Kihindi akampa Mwarabu au Mswahili apandaye bara, kwa ahadi ya pembe kwa frasila. Na huyo akawagawia watu wake na kuwakopesha watawala wa njiani, hata deni la mwisho likawa juu ya mtu ambaye hajaiona bahari. Nyumba ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi, ndiyo iliyokuwa hazina ya mji: ilikusanya ushuru, ikawakopesha matajiri, na ikamkopesha Sultani mwenyewe. Palipotokea mauti, au vita vya njiani, au bei ya pembe kuanguka, madai yalirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka yakafika kwa yule wa kwanza, na kila hatua ilikuwa na watu wa kabila lingine, lugha nyingine na sharia nyingine.

Mtu wa kwanza kuendewa alikuwa kadhi. Unguja ilikuwa na makadhi wa madhehebu mawili, Ibadhi, kwa kuwa ndiyo madhehebu ya Sultani na ya Waomani wengi, na Shafii, kwa kuwa ndiyo ya wenyeji, Wahadhrami na Wangazija. Na miongoni mwao walikuwamo maulamaa wakubwa kama Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, aliyehukumu Kilwa kisha Unguja, na baada yake Sayyid Ahmad bin Sumeit. Mtu asidhani kuwa elimu yao ilikuwa ya ndoa na mirathi tu. Minhaji ya Imamu Nawawi, ambayo ndiyo iliyotegemewa na Mashafii wa pwani, ina milango mirefu juu ya kuuza na kununua, rahani, shirika, dhamana, hawala, mtaji wa mmoja na kazi ya mwingine, na hukumu ya mtu aliyefilisika. Na ina mlango wa wakala, unaoeleza namna mtu awezavyo kumsimamisha mwingine badala yake katika mali na katika madai. Wakili wa zama hizo hakuwa na leseni wala joho. Mara nyingi alikuwa ndugu, au mkwe, au karani wa duka, au mtu mwenye khati nzuri na subira, aliyewekwa kwa waraka na kuondolewa kwa waraka. Mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri kwenda bara kwa miaka mitano alimwacha wakili nyuma yake kama alivyoacha nyumba na watoto, na mdai asiyemkuta mwenyewe alimshika wakili.

Ili ifahamike ugumu wa kesi hizi, na tuuchukue waraka mmoja wa namna iliyokuwa ya kawaida mno. Fulani bin fulani, kwa jina la kabila lake, amekiri mbele ya mashahidi kuwa amemuuzia fulani shamba lake la mikarafuu, ambalo kwa upande wa mashariki limepakana na shamba la fulani, na kwa upande wa magharibi na njia, na kwa kaskazini na mto, kwa bei ya riali 500, kwa khiyari ya miaka mitatu. Yaani muuzaji akizirejesha fedha ndani ya muda huo shamba hurudi kwake, na muda ukipita bei imekata. Siku ile ile, pengine katika karatasi ile ile, mnunuzi amemkodisha muuzaji shamba lile lile, na muuzaji ataendelea kukaa, kupalilia na kuchuma, na kila mwaka atalipa kodi. Mwenye macho ataona kuwa bei hii ni mkopo, shamba ni rahani, na kodi ni faida ya fedha, ambayo kwa jina lake la haki ni riba, nayo ni haramu. Makadhi waliyajua hayo kuliko mimi na msomaji. Lakini mji ulihitaji fedha, na khiyari ilimpa mwenye shamba muda, na muda ulipokwisha palikuwa na wazee, na aibu, na hofu ya Mungu, vya kumzuia tajiri asimtoe mtu katika shamba la baba yake kwa riali ambazo hazifiki nusu ya thamani yake. Sioni kuwa ulikuwa unafiki. Ilikuwa biashara iliyotegemea kuwa waraka hausomwi peke yake, bali husomwa na mtu amjuaye aliyeandika na aliyeandikiwa.

Ndipo wakaja mabalozi. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said wa mwaka 1833 ulimpa balozi wa Marekani haki ya kuwa hakimu pekee wa magomvi ya watu wa taifa lake, na mikataba ya Uingereza ya 1839 na Ufaransa ya 1844 nayo ikawatoa raia wa mataifa hayo katika mkono wa Sultani, mpaka mji mmoja, wenye vichochoro ambavyo punda wawili hawapishani, ukawa na mahakama za dola kadha wa kadha. Richard Waters, balozi wa kwanza wa Marekani kukaa Unguja, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mwenyewe mfanyabiashara, hakimu aliyekuwa na pembe zake ghalani. Kawaida iliyokaa ilikuwa kwamba mdai humfuata mdaiwa katika mahakama yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani anadaiwa nini, ilibidi iulizwe mdaiwa ni raia wa nani, na swali hilo ndilo lililompa wakili riziki yake ya kwanza.

Wahindi walio wengi walitoka Kachi, nchi iliyokuwa na mtawala wake, ijapokuwa mtawala huyo mwenyewe alikuwa chini ya Waingereza. Je, hawa ni raia wa Sultani, au wa Malkia, au wa mtawala wao? Katika miaka ya 1860 jambo hili lilivutwa huku na huku, na wako waliojiandikisha upande huu walipokuwa na watumwa wa kuficha, na wako waliokimbilia upande ule walipokuwa na madeni ya kukusanya, hata mwaka 1869 mtawala wa Kachi akatoa tangazo la kuwataka watu wake wa Unguja wawe chini ya balozi wa Uingereza. Mngazija aliweza kudai himaya ya Ufaransa. Mtu mmoja, akiwa na duka moja na deni moja, aliweza kuwa na majibu matatu juu ya uraia wake, kwa kadiri ya aliyemuuliza. Mimi naona kuwa mkutano huu wa mahakama nyingi katika mji mmoja, unaosifiwa na baadhi ya waandishi kuwa ulileta nidhamu, kwanza ulileta hila. Nidhamu ilifuata baadaye, nayo ilikuja na gharama yake.

Amri ya Malkia ya mwaka 1866 iliipanga mahakama ya balozi wa Uingereza, na rufaa zake zikapelekwa Mahakama Kuu ya Bombay. Kwa sababu hiyo sheria zilizotumika zilikuwa sheria za Bara Hindi, zikiwamo ile ya ushahidi na ile ya mikataba, zote mbili za mwaka 1872. Na majuzuu ya hukumu za Unguja yaliyokusanywa na Murison na Abrahams, ambayo yanaanza na kesi za mwaka 1868, yanaonyesha namna bandari ya Waislamu na Wahindi ilivyoanza kuhukumiwa kwa vitabu vilivyochapwa ng'ambo ya pili ya bahari. Hapa ndipo walipoingia mawakili wa kazi maalumu, Waparsi na Wahindi wengine na Waingereza, wenye kusoma Kiingereza cha Bombay, na hapa ndipo waraka wetu wa shamba ulipobadilika maana bila ya herufi yake hata moja kubadilika. Kwa sheria ya fiqhi, karatasi ni ukumbusho, na uzito uko kwa mashahidi waadilifu na kwa yamini. Sheria ya ushahidi ya Hindi iliweka kinyume chake: mapatano yakishaandikwa, haikubaliwi kwa kawaida kuleta maneno ya mdomo ya kuyapinga yaliyoandikwa. Mwenye shamba aliyesimama akasema, "Hii haikuwa bei, ilikuwa mkopo, na kila mtu wa mtaa anajua," aliambiwa kuwa mtaa haukuandikwa katika karatasi.

Wakili mwenye kujua kazi hakukata tamaa hapo. Aliyatafuta mambo yaliyo nje ya maneno: bei ya shamba la jirani mwaka ule ilikuwa kiasi gani, na mtu gani mwenye akili atauza mikarafuu inayozaa kwa nusu ya thamani, nani aliyelipa wachumaji, nani aliyezipeleka karafuu forodhani, na zimeandikwa kwa jina la nani, na ile kodi ya mwaka, mbona ikigawanywa kwa fedha za bei hutoka hesabu iliyo sawasawa kama faida ya mkopo? Maswali haya yaliulizwa moja moja, kwa utulivu, na shahidi hakujua yanakoelekea mpaka amefika.

Na madaftari, yaliyomshinda Gandhi, yalikuwa na elimu yake. Mhindi aliandika kwa Kigujarati, kwanza katika daftari la kila siku, kisha akahamishia katika daftari kuu, kila mteja na ukurasa wake. Sheria ile ile ya ushahidi ilisema kwamba daftari la biashara lililoandikwa kwa kawaida ya kazi hukubaliwa kuwa ushahidi, lakini peke yake halitoshi kumtwika mtu deni. Kwa hiyo wakili wa mdai alitafuta kitu cha pili cha kulisimamisha, risiti au barua au mzani wa forodha, na wakili wa mdaiwa alitafuta mahali ambapo daftari la siku na daftari kuu hayakubaliani. Juu ya hayo palikuwa na tarehe. Waraka wa Kiarabu ulikwenda kwa mwaka wa Hijra, daftari la Banyani kwa mwaka wake unaofunguliwa siku za Divali, mkulima na nahodha walihesabu kwa Nairuzi, na hakimu alikuwa na kalenda ya Kiingereza ukutani. Mwaka wa Hijra ni mfupi kwa siku kama 11, hata khiyari ya miaka mitatu ikipimwa kwa mwezi hukatika mwezi mzima kabla ya ile inayopimwa kwa jua. Shamba zima liliweza kupotea, au kuokoka, katika siku hizo thelathini na kitu, na wakili ambaye hakuzihesabu usiku alihesabiwa mchana mbele ya watu.

Kesi moja ya zama hizo ilisikika mpaka Ulaya. Tarehe 24 Februari 1887, katika nyumba ya balozi wa Uingereza Unguja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, alifanya mkataba na Henry Stanley wa kuleta wapagazi kutoka Stanley Falls kwa ajili ya msafara wa kumwendea Emin Pasha, gavana aliyekwama bara. Wapagazi walichelewa kwa muda wa mwaka, na walipokuja walikuwa pungufu, na kikosi cha nyuma kilichokuwa kikiwangojea Yambuya kikaangamia kwa njaa, maradhi na mauaji. Stanley alipotokea pwani Desemba 1889 alikuta kwamba kuna zaidi ya pauni 10,000 za Tippu Tip mikononi mwa nyumba ya Taria Topan, malipo ya pembe alizouza kwa dola ya Kongo. Na Taria Topan alikuwa Khoja, raia wa Mwingereza. Tippu Tip mwenyewe alikuwa mbali, katikati ya Kongo, na ni mtu wa Sultani, asiyeshikika. Lakini fedha zake zilikuwa zimelala katika nyumba ya mtu anayeshikika. Stanley akaenda mahakama ya balozi, akadai pauni 10,000, na fedha zikazuiwa. Mtu aweza kusema atakavyo juu ya Stanley, lakini hatua ile ilikuwa ya wakili stadi: hakumfuata mdaiwa, aliifuata mali.

Jibu la Tippu Tip, kama alivyolieleza katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, lilikuwa kwamba Stanley ndiye aliyevunja ahadi kwanza, kwa kutoleta baruti aliyoahidi. Na hilo ndilo swali kongwe la kesi za mikataba, ahadi ipi ilikuwa sharti la ahadi ipi. Halikupata kuhukumiwa. Alipoarifiwa alifunga safari kurudi pwani, akaugua njiani, akafika Unguja Julai 1891, na kesi ikaachwa bila ya kufikishwa mwisho. Kesi iliyomuumiza hasa ilikuja baadaye na kutoka karibu zaidi, pale mshirika wake wa zamani, Muhammad bin Khalfan, yaani Rumaliza, alipomshtaki mbele ya Wadachi Dar es Salaam juu ya mali ya shirika lao, na mali nyingi ya bara ikamtoka. Mtu aliyevuka nusu ya Afrika kwa bunduki alipokonywa kwa hesabu ya shirika ambayo, kama kawaida ya watu wanaoaminiana, haikuandikwa vizuri.

Inafaa kusemwa pia kwamba magomvi mengi ya matajiri hayakufika mahakamani. Jumuiya za Kihindi zilikuwa na wazee wao, Waarabu walikuwa na mabaraza yao, na tajiri hakupenda madaftari yake yafunguliwe mbele ya wateja wake. Gandhi mwenyewe, alipofika Pretoria na kuisoma kesi ya Dada Abdulla, iliyokuwa ya pauni 40,000 na ambayo mdaiwa wake alikuwa jamaa wa mdai, aliona kwamba haki iko upande wa mwajiri wake lakini gharama za mawakili zitawamaliza wote wawili. Akawashawishi wakubali msuluhishi, naye akahukumu kiasi cha pauni 37,000 na gharama, kisha Gandhi akamsihi mshindi akubali kulipwa kidogo kidogo, kwa kuwa mshindwa angefilisika, na kwa mfanyabiashara wa Porbandar kufilisika ni kama kufa. Mawakili wa Unguja waliofanya hivyo walikuwapo bila shaka, ila suluhu haiandikwi katika majuzuu ya hukumu, na kwa sababu hiyo historia inawakumbuka zaidi waliopigana.

Baada ya himaya ya Uingereza ya 1890 mambo yalipangwa upya mara kwa mara, mahakama za mataifa mengine zikaondoka moja moja, jengo la mahakama alilolichora John Sinclair likasimama Vuga kwa matao yake ya Kiarabu, na rufaa zikaacha kwenda Bombay zikaelekea Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki. Maswali ya uraia yakafifia. Ya shamba na deni yakazidi. Karafuu zilipoanguka bei baada ya 1929, mashamba mengi yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwa majina ya wakopeshaji au yako njiani kuandikwa, kwa nyaraka zilizosomwa kama zilivyoandikwa, na mwaka 1934 serikali, iliyokuwa imezileta zile sheria za Hindi na kuzisifu kwa nusu karne, ilitunga sheria za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihame mikononi mwao bila ya idhini. Mawakili walilaumiwa upande wote, na lawama hiyo ilikuwa na haki kwa nusu: waraka hawakuutunga wao, lakini ni wao waliomfundisha mkopeshaji kwamba hana haja tena ya kuwaonea haya wazee.

Mapinduzi ya 1964 yaliwaondoa wateja kabla ya kuwaondoa mawakili. Mashamba yakataifishwa, maduka makubwa yakafungwa, na mahakama za wananchi zilipoanza kazi mwaka 1970 mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Walirudishwa kwa sheria za katikati ya miaka ya 1980, lakini wakati huo wale waliojua kusoma waraka wa Kiarabu na daftari la Kigujarati katika kesi moja walikuwa wamekwisha kufa au kuhamia ng'ambo, na nyaraka zilizosalimika ziko katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, zikisomwa na wanahistoria ambao hawamdai mtu kitu, na ambao, kama Gandhi, huanza kwa kujifunza hesabu.